Nani Mwenye Mtoto

Kurasini, kata ya Temeke inayopakana na bandari ya Dar es Salaam, imejaa taasisi za umma kuliko kata nyingi za jiji. Barabara ya Kilwa inapita kwenye uwanja wa maonyesho ya Sabasaba na chuo cha polisi. Ndani ya kata hiyo hiyo kuna ofisi za Uhamiaji, Chuo cha Diplomasia, matangi ya mafuta na yadi za makontena, na tangu 2016 Daraja la Nyerere linawavusha watu hadi Kigamboni. Katikati ya yote hayo yamo Makao ya Taifa ya Watoto, wanakolelewa watoto waliotupwa, waliofiwa na wazazi na waliookolewa kutoka majumba yaliyowaumiza. Kwa watoto hao serikali ni mzazi kwa maana kamili. Waajiriwa wake ndio wanaopika, wanaowapeleka zahanati usiku homa ikipanda, na wanaoitwa shuleni mtoto akipigana.

Sheria ya Mtoto ya 2009 ndiyo inayotoa mamlaka hayo. Inaanza kwa mzazi na kumtwika wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na hata nafasi ya kucheza. Mzazi akishindwa, afisa ustawi wa jamii na mahakama wanaingia. Kwenye karatasi mpaka huo unaonekana vizuri. Lakini kwa maelfu ya watoto wa Mivinjeni, Mtoni au Mbagala wenye mama na baba, wanaoamka alfajiri kwenda shule ya serikali, mpaka kati ya kazi ya mzazi na kazi ya dola umehamishwa mara nyingi kwa muda wa miaka sitini, na mara nyingi mzazi amepata habari baada ya jambo kupita.

Wazazi wa Tanganyika hawakuanza wakiwa watazamaji. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, nafasi za shule zilipokuwa chache mno kwa Waafrika, walijenga shule zao kupitia TAPA, jumuiya ya wazazi iliyoshikamana na TANU, ambayo baadaye ilikuja kuwa Jumuiya ya Wazazi ya CCM. Shule hizo zilikuwa duni, nyingine za miti na makuti, na walimu wengi hawakuwa wamesomea kazi hiyo. Hata hivyo mzazi alijua nani anamlipa mwalimu, na mwalimu alijua nani anamlipa.

Uhuru ulileta shabaha kubwa zaidi. Visiwani, Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi. Bara, sheria ya 1969 iliipa serikali mamlaka juu ya shule nyingi za misheni, ili mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini au kabila lake. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977, wakati mpango wa awali ulilenga 1989. Na Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya mahudhurio kuwa lazima kwa watoto wa miaka saba hadi kumi na mitatu.

Hatua hizo zilistahili kuchukuliwa. Bila nguvu ya dola, mtoto wa kike wa mvuvi wa Mjimwema asingekaa dawati moja na mtoto wa karani wa bandari. Ila zilimfundisha mzazi somo lililomkaa kwa muda mrefu: shule ni ya serikali, kazi yake yeye ni kumleta mtoto mlangoni.

Kisha fedha zikaisha. Kuanguka kwa uchumi katika miaka ya 1980 kulirudisha ada na michango chini ya jina la uchangiaji wa gharama, na wengi walioshindwa kulipa waliwabakiza watoto nyumbani. Serikali ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2001 na kuanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, watoto walimiminika. Walikuwa takriban milioni 4.4 katika shule za msingi mwaka 2000. Kufikia 2005 walikuwa zaidi ya milioni 7.5. Wazazi wa wale milioni tatu walioongezeka hawakuwa wameidharau elimu. Walikuwa hawana pesa.

MMEM ilikuwa na jambo jingine ambalo halikuvuma. Iliipa kamati ya shule akaunti ya benki na mamlaka ya kupanga matumizi ya ruzuku. Katika kamati hiyo wazazi wana wawakilishi wao waliochaguliwa, mwalimu mkuu ni katibu, na kwa mara ya kwanza tangu zama za TAPA mzazi wa kawaida angeweza kuuliza kwa nini saruji iliyonunuliwa haionekani ukutani. Kamati nyingi zilikuwa dhaifu. Wajumbe wengine waliteuliwa kwa sababu tu wanakaa karibu na shule. Lakini mlango ulikuwa wazi.

Uamuzi uliobadilisha tena hesabu ni Waraka wa Elimu Na. 5 wa Novemba 2015, uliotolewa John Magufuli akiwa ndiyo kwanza ameingia Ikulu. Kuanzia Januari 2016 ada na michango ilifutwa kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na Hazina ikaanza kutuma fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule, mwanzoni shilingi bilioni 18.77 kila mwezi. Madarasa ya kwanza yalifurika nchi nzima. Temeke, ambako Shule ya Msingi Majimatitu ya Mbagala inajulikana kwa wanafunzi wanaohesabiwa kwa maelfu, ilielemewa mapema.

Waraka uliofuata mwaka 2016 ulifafanua kilichobaki kwa mzazi: sare, madaftari na kalamu, matibabu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Maelezo hayo hayakufika mitaani kwa nguvu iliyofika nayo kauli ya jukwaani. Watu walisikia neno moja, bure, na hawakukosea kulisikia hivyo, kwa sababu ndilo lililotamkwa. Mwalimu mkuu aliyeitisha kikao kuomba shilingi mia chache za uji alijibiwa kwamba Rais amesema bure. Januari 2018 Rais mwenyewe alikaza zaidi: mwalimu yeyote asiguse michango, na mzazi mwenye nia ya kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Kwa mwananchi wa Kurasini, maana yake ilikuwa kwamba mama lishe anayetaka kuchangia gunia la mahindi kwa shule iliyo mtaa wa pili atafute ofisi ya mkurugenzi wa manispaa. Hakuna aliyekwenda, na hakuna wa kumlaumu. Nia ya agizo ilikuwa njema: kumlinda mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya deni, jambo lililokuwa limewatesa wengi na kuwaaibisha mbele ya wenzao. Lakini lilifunga kwa pamoja michango ya dhuluma na michango ya hiari, na mazungumzo kati ya mwalimu na mzazi yakakatika, kwa kuwa sehemu kubwa ya mazungumzo hayo siku zote ilikuwa juu ya pesa.

Ruzuku yenyewe ni ndogo. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Zinazofika shuleni ni 6,000, sawa na 500 kwa mwezi. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200, kwa hiyo fedha anazotumiwa mtoto kwa mwezi mzima wa chaki, ukarabati, mitihani, michezo na uendeshaji zinamtosha kwenda na kurudi shule siku moja, akabakiwa na mia moja.

Tena hiyo nauli nafuu nayo ni mfano wa malezi yaliyosukumwa kando. Serikali iliipanga bei, haikuilipia. Gharama ilimwangukia mwenye daladala, naye akaihamishia kwa mtoto. Konda anahesabu abiria watu wazima kwanza, kisha anaruhusu wanafunzi wachache wasimame mlangoni, na walio wadogo kabisa wanasukumwa. Mtu yeyote aliyesimama kituoni barabara ya Kilwa saa kumi na mbili asubuhi amewaona wasichana wenye sketi za shule wakikimbilia gari la tatu, la nne, la tano. Huo ni muda ambao mzazi yuko njiani kwenda kazini na mwalimu hajafika, na hatari zinazomkuta msichana aliyechoka kusubiri, ambaye mtu mwenye bodaboda anamwita kwa jina, zinajulikana kwa kila mama wa Temeke.

Je, fedha zaidi zingetosha? Kuna utafiti uliofanyika Tanzania wenye jibu. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza, pamoja na watafiti wa uchumi akiwemo Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan, waliendesha jaribio liitwalo KiuFunza katika shule 350 za msingi kwenye wilaya kumi. Shule nyingine zilipewa ruzuku kamili ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, nyingine walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto aliyefaulu kusoma na kuhesabu, nyingine zikapata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto. Sehemu ya fedha hizo ilifidiwa na wazazi na shule kupunguza walichokuwa wakitoa wenyewe. Palipounganishwa ruzuku na bonasi, watoto walijifunza zaidi kwa kiwango kilichopimika.

Somo lake kwa sera ya familia ni zito. Mzazi anafanya hesabu. Serikali ikiongeza, anapunguza, na pengine anapunguza kwa busara, kwani pesa ile ile inahitajika kwa kodi ya chumba.

Utafiti wa pili unamhusu mzazi moja kwa moja. Uwezo, mradi wa tathmini ulioanza Afrika Mashariki karibu 2010, ulipeleka vijana wa kujitolea nyumba kwa nyumba badala ya shuleni. Walimpa mtoto hadithi fupi ya darasa la pili na hesabu nyepesi, mama akiangalia. Matokeo ya Tanzania yalishtua nchi: miongoni mwa watoto wa darasa la tatu, takriban watatu tu kati ya kumi waliweza kusoma hadithi hiyo kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wao wanaiongea. Waanzilishi waliamini mzazi akijua mtoto wake hajui kusoma, atakwenda shule kudai. Huko Kenya wanazuoni watatu, Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai, walichunguza kama ndivyo ilivyokuwa. Katika utafiti waliouchapisha 2014 waliona kwamba wazazi waliopewa matokeo hawakutenda tofauti na wale ambao hawakupewa.

Wapo waliotafsiri habari hiyo kuwa wazazi wa Kiafrika hawajali. Tafsiri hiyo ni dhuluma. Mwanamke anayeuza samaki Feri tangu saa kumi alfajiri ili mwanawe apate viatu vya shule anajali. Anachokosa ni mahali pa kuipeleka hasira yake. Akienda shuleni atamkuta mwalimu mwenye darasa la watoto zaidi ya mia, ambaye naye hakuamua idadi hiyo, na mwalimu mkuu asiye na uwezo wa kuajiri wala kuhamisha mtu. Uamuzi uko manispaa, Dodoma, Hazina. Kikao cha wazazi kinaitishwa Jumatano asubuhi, wakati kibarua wa bandarini akikosa zamu anakosa mlo. Asipofika anaandikwa kuwa hana ushirikiano.

Na anapofika, mara nyingi anafika akiwa mtuhumiwa. Kila Januari wakuu wa mikoa na wilaya hutangaza msako wa wazazi ambao watoto wao hawajaripoti kidato cha kwanza. Mtendaji wa kata anatumwa pamoja na mgambo. Mara nyingi mtoto hakuripoti kwa sababu ya sare, au amepangiwa shule ya mbali, na jambo ambalo mazungumzo ya dakika kumi yangeweza kulitatua linaishia kwenye baraza la kata. Kwa kaya maskini kabisa, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, umechagua njia nyingine: ruzuku kwa familia, sehemu yake ikitegemea mtoto kuhudhuria asilimia 80 ya siku za masomo. Nayo ni amri, lakini imekuja na kitu mkononi.

Wakati dola ikishikilia gunia la mahindi la mama lishe, imekuwa ikimwachia mzazi uamuzi mmoja ambao haukupaswa kuwa wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya baba, au ya mama kama baba amefariki. Mvulana anasubiri hadi 18. Mwanasheria Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alivipinga vifungu vya 13 na 17 mahakamani, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vinakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, ikiutetea umri huo kama maafikiano kati ya mila na dini za nchi. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo na kuthibitisha kwamba sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Oktoba 2020 ilipita bila Bunge kufanya hivyo.

Ajabu ni kwamba mwaka 2016 huo huo Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Ukizisoma sheria hizo mbili pamoja, msichana wa miaka 15 analindwa vikali maadamu yumo darasani. Akiacha shule, kwa kukosa nauli, kwa kufeli au kwa kumuuguza bibi, ulinzi huo unamtoka, na sheria ya ndoa inamkuta. Sare ndiyo ngao yake. Wazazi wengi wa Temeke hawana haja ya kuambiwa wasimwoze binti wa miaka hiyo. Kwa wale wachache wanaomwona kama mahari, ridhaa ya baba haiwezi kuwa kinga ya mtoto, kwa sababu baba huyo ndiye anayepokea.

Dola pia imewahi kuwa kali kuliko wazazi. Juni 2017, akiwa ziarani mkoani Pwani, Rais Magufuli alitangaza kwamba msichana aliyepata mimba shuleni hatarudi darasani wakati wa uongozi wake. Kwa zaidi ya miaka minne mama aliyekuwa tayari kulea mjukuu ili binti yake amalize kidato cha nne alikataliwa na shule ile ile iliyojengwa kwa kodi yake. Waziri Joyce Ndalichako aliondoa zuio hilo tarehe 24 Novemba 2021, na mwaka uliofuata Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao, na kuikuta Tanzania imekiuka haki za wasichana hao. Hakuna sera iliyoonyesha wazi zaidi kwamba serikali nayo inaweza kuwa mzazi mbaya.

Hata wenye uwezo hawakuachwa. Mwaka 2023 serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, ikisema umri huo mtoto anahitaji malezi ya nyumbani. Katika nyumba za Kinondoni na Temeke ambako baba na mama wanatoka alfajiri na kurudi usiku, wengi walilalamika. Zuio hilo lilikuwa sahihi. Mtoto wa miaka sita hapaswi kulelewa na kengele. Lakini serikali iliyotoa amri hiyo ndiyo pia inayoruhusu basi la shule kumchukua mtoto saa kumi na moja alfajiri akiwa bado anasinzia, na haijamwambia mwajiri yeyote wa Barabara ya Nyerere ampe mzazi saa moja ya kumsindikiza mwanawe. Malezi ya nyumbani yanahitaji mtu awepo nyumbani.

Mtihani mkubwa unaofuata una tarehe. Mtaala ulioanza kutumika 2024 unaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi na kufupisha shule ya msingi hadi miaka sita, hivyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja na kuingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja Januari 2028. Mwishoni mwa 2021 serikali ilijenga vyumba 15,000 vya madarasa kwa miezi michache kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na kamati za shule zilihusishwa kusimamia mafundi. Safari hii muda upo wa kuzihusisha mapema zaidi, kabla ya viwanja kuchaguliwa. Wazazi wa Kurasini, waliokwisha kuona sehemu ya kata yao ikivunjwa na familia kutawanyika kupisha upanuzi wa maeneo ya biashara karibu na bandari, wanajua mtaa upi una watoto wengi na upi umebaki makontena. Takwimu hizo haziko Dodoma. Kikao kiitishwe Jumapili jioni, mwalimu mkuu aje na idadi ya wanafunzi wake wa darasa la tano na la sita, na afisa elimu kata aje akiwa na ramani.